Kadi za zamani za soka la Uingereza: maswali yanayoulizwa kila siku na majibu yake

Kila nikiweka picha ya kadi mpya niliyopata, maswali yanayokuja ni yaleyale, kwa hiyo nimeyakusanya hapa mahali pamoja. Yameanza na ya mtu ambaye hajawahi hata kuishika kadi, mbele huko yanakuwa magumu kidogo. Kama swali lako limejibiwa sehemu nyingine nitakuelekeza, sitarudia.

## Mambo ya mwanzo

Hizi kadi ni kitu gani hasa, ni kama stika za Panini?

Zinakaribiana ila sio kitu kimoja. Stika unaibandika kwenye albamu na ikishabandikwa imeisha hiyo. Kadi ni kipande cha karatasi ngumu, mbele kuna picha ya mchezaji au nembo ya timu, nyuma kuna maelezo, na unaishika hivyohivyo mkononi. Panini wenyewe walikuja kwenye ligi ya Uingereza na albamu ya Football 78, na kabla yao kampuni ya FKS walikuwa na albamu zao tangu mwisho wa miaka ya 1960. Kadi zilikuwepo miaka mingi sana kabla ya hapo.

Zilianzaje? Na kwanini sigara?

Pakiti za sigara za zamani zilikuwa za karatasi laini, ukiweka mfukoni sigara zinavunjika. Kampuni zikaanza kuweka kipande cha karatasi ngumu ndani ili pakiti isikunjike, alafu mtu akafikiria, mbona tusichape picha hapa? Wamarekani walitangulia, Uingereza kampuni ya W.D. & H.O. Wills ya Bristol ikaingia mwishoni mwa miaka ya 1880. Mvutaji akishapata kadi namba 12 anataka ya 13, na ili aipate lazima anunue pakiti ileile. Ilikuwa biashara ya akili sana.

Ila soka halikuanzia kwenye sigara. Bradford kulikuwa na mtu anaitwa John Baines, yeye miaka ya 1880 alikuwa anauza kadi kwenye vipakiti kwa watoto, nyingi zina umbo la ngao, zina jina la timu na rangi kali kabisa. Mpaka leo watu wanaziita ngao za Baines na zina wapenzi wake wa kufa na kupona. Kwenye sigara, seti ya soka inayotajwa sana kama ya kwanza ni ya Marcus wa Manchester, mwaka 1896.

Nani alikuwa anakusanya, wavutaji au watoto?

Baba anavuta, mtoto anachukua kadi. Na ambaye baba yake havuti alikuwa anasimama nje ya duka la sigara anawaomba wapita njia. Kadi zilikuwa za kubadilishana na za kuchezea pia, unarusha yako ukutani, ikiangukia juu ya ya mwenzako unachukua zote, kama sisi tulivyokuwa tunacheza visoda. Ndo maana kadi nyingi za kipindi hicho pembe zake zimekuwa duara. Kumbuka hilo tukifika kwenye hali ya kadi.

Mimi sivuti na sitaki chochote cha sigara ndani kwangu. Kuna njia nyingine?

Ipo, na ni njia nzuri tu. Baada ya vita kuu ya pili kazi ya kadi ilihamia kwenye pipi na bigijii. Barratt wa London walikuwa na seti za Famous Footballers, Chix nao walikuwa na bigijii zao, halafu A&BC ndo wakatawala kuanzia mwisho wa miaka ya 1950 mpaka 1974, ambapo Topps ya Marekani iliichukua ikaendelea kwa jina lake. Pia kuna magazeti, Topical Times la D.C. Thomson ya Dundee lilitoa kadi kubwa kubwa miaka ya 1930, nzuri mno kuweka kwenye fremu.

## Kuzijua kadi na umri wake

Nimepata kadi haina mwaka popote. Nitajuaje ya lini?

Hili ndo swali ninalolipenda kuliko yote, na jibu mara nyingi lipo kwenye jina la timu. Kadi za zamani hazikuandikwa mwaka ila timu zilikuwa zinabadilisha majina, na sisi tunaoangalia ligi kila wikiendi tunayajua majina ya leo tu.

Ukiona Woolwich Arsenal, hiyo ni Arsenal kabla hawajatulia uwanja wa Highbury, walihamia huko 1913 na jina la Woolwich likaachwa. Ukiona Newton Heath, hiyo ni Manchester United kabla ya 1902. Small Heath ni Birmingham kabla ya 1905. Leicester Fosse ni Leicester City kabla ya 1919. Leeds City ni timu iliyovunjwa 1919, Leeds United ikazaliwa baada yake. Ukiona "The Wednesday" peke yake bila Sheffield, jina rasmi lilikuwa hivyo mpaka 1929. Na Clapton Orient ilidumu na jina hilo mpaka miaka ya 1940. Chelsea wameanzishwa 1905, kwa hiyo kadi yoyote ya Chelsea haiwezi kuwa ya zamani kuliko hapo, hata muuzaji aape.

Kitu cha pili angalia mgongo wa jezi. Namba kwenye jezi za ligi zilikuwa lazima kuanzia 1939, kwa hiyo mchezaji wa ligi mwenye namba kwenye kadi inayosemwa ni ya 1910, hapo simama kwanza, uliza.

Kuna miaka haina kadi kabisa, kwanini?

Vita. Vita ya kwanza karatasi ilikuwa shida, kadi zikasimama karibu 1917 zikarudi mwanzoni mwa miaka ya 1920. Vita ya pili zikasimama tena 1940, na safari hii kadi za sigara hazikurudi na nguvu ile tena. Mtu akikuuzia "kadi ya sigara ya 1943 ya Uingereza", mshukuru na uendelee na safari yako.

Seti zipi ni nzuri kwa mtu anayeanza?

Chagua kipindi au timu unayoipenda kwanza, bei baadaye. Nasema hivi kwa moyo wote kwa sababu nimeona watu wanaanza na orodha ya kadi ghali, baada ya miezi sita wamechoka, hawajasoma hata mgongo mmoja.

Kama unataka kucheka na kushangaa, kampuni ya sigara ya Player's ya Nottingham walitoa 1927 seti ya vikatuni, vilivyochorwa na mtu anayesaini "Mac", kadi 50, kichwa kikubwa mwili mdogo, rangi zimekaa vizuri mpaka leo. Ninayo moja nimeiweka mezani hapa ninapoandika, jezi ina mistari, kaptula pana inafika magotini, viatu kama vya fundi ujenzi vimefunika vifundo vya mguu, na nywele zimepakwa mafuta zimegawanywa katikati. Miaka karibu 100 na wino wa jezi bado umekolea.

Kama unapenda timu zaidi ya wachezaji, Ogden's ya Liverpool walitoa 1933 seti ya majina ya utani ya timu, A.F.C. Nicknames, kadi 50. Hapo ndo utajua Chelsea walikuwa wanaitwa "The Pensioners", yaani wastaafu, kwa ajili ya wale wazee wanajeshi wa hospitali ya Chelsea, jina ambalo klabu ililiacha miaka ya 1950.

Wills walitoa Association Footballers 1935 na nyingine 1939, Churchman wa Ipswich 1938 na 1939, zote za 50, zinapatikana bila shida na haziumizi mfuko. Kwa wapenzi wa Bobby Charlton, Denis Law, Bobby Moore na George Best, nenda A&BC za miaka ya 1960. Kadhaa za A&BC nyuma zina swali la chemsha bongo na sehemu tupu nyeupe, unasugua na ukingo wa sarafu jibu linatokea. Ambayo haijasuguliwa inapendwa zaidi, lakini mimi nina moja iliyosuguliwa na mtoto wa wakati huo, alama za sarafu zinaonekana kabisa, na siiuzi.

Seti kubwa kuliko zote ni ipi?

Pinnace, ya kampuni ya sigara ya Godfrey Phillips, mwanzoni mwa miaka ya 1920. Kadi 2,462. Picha ndogo ndogo za wachezaji, mpaka wa timu ambazo leo hazipo kwenye ligi. Watu wanaitafuta maisha yao yote. Usianze nayo.

## Kununua

Nanunua wapi?

Walio Uingereza wana bahati, kuna masoko ya Jumapili watu wanauza vitu nyuma ya buti la gari, kuna maduka ya hisani, kuna minada midogo ya miji. Ndugu zetu walioko Leicester, London, Reading, fika mapema saa moja asubuhi, ulizia "cigarette cards", wazee wanatoa boksi la viatu chini ya meza.

Walioko huku nyumbani au Ghuba, ni mtandaoni. Kuna wauzaji wa kadi peke yake, London Cigarette Card Company wapo tangu 1927 na wana katalogi yenye bei, hata kama hununui kwao ile katalogi inakufundisha bei ya kawaida ni ipi. Kuna pia chama cha wakusanyaji, Cartophilic Society, kimeanzishwa 1938, vitabu vyao vya orodha ndo tunavyotumia kujua seti ina kadi ngapi. eBay ipo, ila soma swali linalofuata kabla hujabonyeza.

Nitajuaje kama ni orijino au ni kopi?

Kwanza elewa, kopi nyingi hazikutengenezwa kumwibia mtu. Miaka ya karibuni seti nyingi za sigara zilichapwa upya kihalali kabisa, na nyuma zimeandikwa kuwa ni toleo la kuchapwa upya. Tatizo ni muuzaji anayepiga picha upande wa mbele tu.

Mimi ilinikuta. Nilinunua kwa mtu mtandaoni "seti kamili ya 1928", picha kumi zote za mbele, bei nzuri, nikalipa usiku uleule. Zilipofika nilijua kabla sijazigeuza, zilikuwa nyeupe mno, na pembe zote 50 zilikuwa kali kama zimekatwa jana. Nikaingia chumbani nikazima taa nikawasha tochi ya UV, ile wanayotumia madukani kuangalia noti feki, zikawaka bluu kama shati jeupe disko. Karatasi za baada ya karibu 1950 zina kemikali ya kung'arisha, za zamani hazina, kwa hiyo kadi ya kweli ya 1928 inabaki imefifia haing'ai. Hela haikurudi.

Kwa hiyo fanya hivi. Omba picha ya nyuma, kila mara, na muuzaji akikataa achana naye. Ukiipata mkononi tumia tochi. Halafu chukua lensi uangalie maandishi, kwenye orijino herufi ni wino mzima uliojaa, kwenye kopi iliyopigwa skana herufi mara nyingi zimevunjika kuwa vidoti vidoti. Na inuse, kweli kabisa, karatasi ya zamani ina harufu yake ya kabati la bibi. Tochi ya UV haitakusaidia kwa kadi za A&BC na Topps maana karatasi yao ni ya kipindi hicho cha kung'arishwa, huko tegemea maandishi na unene.

Ninunue seti nzima au kadi mojamoja?

Seti nzima ni rahisi zaidi ukigawanya bei kwa kadi. Mojamoja ina utamu wake, unakaa miezi nane unatafuta namba 37 na siku unayoipata hulali. Angalia tu namba ya kwanza na ya mwisho, yaani 1 na 50, watoto walikuwa wanafunga seti kwa mpira wa lastiki, zile za juu na chini ndo zikaumia, kwa hiyo zikiwa safi huwa zina bei kuliko wenzake.

Kutuma Afrika Mashariki kukoje?

Mwambie muuzaji aziweke kwenye plastiki, halafu katikati ya karatasi mbili ngumu kubwa kuliko kadi, na asibandike selotepu kwenye plastiki upande wa mdomo maana ukiifungua inashika kadi. Lipia namba ya kufuatilia. Ushuru uliza kabla, thamani iandikwe ya kweli.

## Hali ya kadi na bei

Kadi yangu ina miaka 90, lazima ni hela nyingi, si ndio?

Mara nyingi hapana, na naomba hili lisikuvunje moyo. Kadi za miaka ya 1920 na 1930 zilichapwa kwa mamilioni na watu walizitunza, kwa hiyo kadi ya kawaida ya Player's au Wills ni pauni chache tu. Seti ya bigijii ya miaka ya 1960 inaweza kuipita seti ya sigara ya 1939 kwa bei, kwa sababu watoto waliziharibu, zilizobaki safi ni chache. Kinachopandisha bei ni uchache, jina la mchezaji na hali ya kadi, umri peke yake hautoshi.

Kuna zile kweli za gharama, ngao za Baines zikiwa safi, Taddy wa London na seti zao za Prominent Footballers za 1907 mpaka 1914, kampuni ilifungwa 1920 na kadi zake zimekuwa za kutafutwa sana.

Hali nzuri inaangaliwaje?

Pembe, kingo, mikunjo, uso, na mgongo. Weka kadi chini ya taa uiinamishe taratibu, mkunjo ambao hauonekani ukiangalia wima utatokea kama unywele. Mgongo ndo wengi wanausahau, kadi yenye uso mzuri lakini nyuma imechanika ilipobanduliwa inaanguka bei vibaya sana. Kwa kadi za bigijii angalia doa la mafuta au sukari, bigijii ilikuwa inalaliana na kadi moja kwenye pakiti na ile moja ndo inabeba alama.

Zile kadi za A&BC zenye orodha ya majina ya seti, watoto walikuwa wanatia tiki kwa kalamu kila wanapopata mchezaji. Isiyo na tiki ni adimu, ukiiona usiiache.

Nizipeleke kupimwa daraja na PSA au SGC?

Hizo ni kampuni za Wamarekani, kadi inapewa alama mpaka 10 inafungwa kwenye plastiki ngumu. Kwa George Best au Bobby Charlton safi kabisa inaweza kulipa ukitaka kuuza. Kwa kadi ya pauni mbili gharama ya kupima inaizidi kadi mara nyingi. Na maoni yangu, kadi iliyofungwa huwezi kuisoma kwa raha, huwezi kuinusa, seti ya 50 inakuwa rundo la matofali.

## Kuhifadhi

Naishi Dar, joto na unyevu kila siku. Zitadumu?

Zitadumu ukiwa makini. Dar, Mombasa, Zanzibar, Muscat, adui ni unyevu, unaleta madoa ya kahawia na kadi zinajikunja. Tumia kurasa za plastiki zisizo na PVC, zile laini zenye harufu kali usizitumie, zinatoa mafuta yanashika wino. Albamu isimame wima kama kitabu, iwe ndani ya boksi lenye kifuniko, na weka vile vipakiti vya silika vinavyokuja na viatu vipya, vibadilishe kila baada ya miezi michache. Usiweke kwenye kabati lililogusa ukuta wa nje. Jua la moja kwa moja pia hapana, wino mwekundu unakufa wa kwanza.

Naweza kuzisafisha?

Vumbi, brashi laini ya kuchorea. Zaidi ya hapo acha. Usipige pasi kunyoosha mkunjo, usifute kwa raba, usikate kingo ziwe safi, kadi iliyokatwa inajulikana ukiilaza juu ya mwenzake, inakuwa fupi. Kadi ya kawaida ya sigara ina kama milimita 68 kwa 36.

## Kesi za pembeni

Nimepata albamu ya zamani, kadi zote zimegundishwa. Nizibandue?

Usizibandue. Katikati ya miaka ya 1930 Player's na Wills walianza kutoa kadi zenye gundi nyuma, na albamu yake iliuzwa senti moja ya Kiingereza dukani. Ukiloweka kwenye maji zinaweza kutoka, lakini mng'ao unapotea na mgongo unabaki na madoa. Albamu nzima iliyojazwa na mtoto wa 1935, jina lake kaliandika kwa wino kwenye jalada, ina uzuri wake ikiwa hivyohivyo. Kama unataka kadi zilizo huru nunua seti nyingine, haina bei kubwa.

Kadi yangu ni ya bluu tupu, ina kingo zimekatwa vibaya na mkasi. Ni feki?

Inawezekana kabisa ni ya pakiti za sigara za Turf. Carreras mwaka 1951 walitoa Famous Footballers, kadi 50, lakini hawakuweka kadi ndani, walichapa picha kwenye trei ya ndani ya pakiti, ile unayoisukuma, mtoto anakata mwenyewe. Kwa hiyo mkato mbaya ni wa kawaida. Ikiwa trei nzima haijakatwa, iache hivyo, usiiguse na mkasi, ndo yenye thamani.

Ina sahihi ya mchezaji, ni ya kweli?

Nyingi zimechapwa na kadi. Inamisha kwenye taa, wino wa kalamu unakaa juu ya uso na unaona ulivyozama kwenye karatasi, sahihi ya kuchapwa iko sawa na picha. Na ukikuta kadi mbili zina sahihi ileile mpaka kona ya mwisho, umepata jibu.

Nina kadi ya mchezaji wa 1914 simjui kabisa. Nitampataje?

Anza na mgongo, mara nyingi una timu aliyotoka na mahali alipozaliwa. Kwa seti ya Churchman ya 1914, kadi 50, fanya hatua moja zaidi. Ligi ilimaliza msimu wa 1914–15 ikasimama mpaka 1919, na wachezaji wengi waliingia jeshini, mpaka kukawa na kikosi chao cha wanasoka, kikosi cha 17 cha Middlesex, kilichoundwa Fulham Desemba 1914. Chukua jina kamili na mji, tafuta kwenye daftari la mtandaoni la Commonwealth War Graves Commission, tume inayotunza makaburi na majina ya wanajeshi waliokufa vitani, ni bure. Majina yanafanana sana kwa hiyo linganisha umri na mji kabla hujaamini. Mimi natumia kijitabu, kila kadi ukurasa wake, naandika nilichokipata na nilikokipata, na ambaye sijampata namwachia ukurasa mtupu.